Vidole Viwili vya Mwalimu Tena

Mtu akikwambia anamjua Mwalimu Tena kuliko mimi, mwambie akanywe maji baridi apumzike. Mimi ni mjomba wake, mama yake na mimi tumbo moja, na piano ya kwanza aliyoigusa maishani niliipandisha mimi mpaka ghorofa ya tatu. Tulikuwa wanaume wanne, sikatai, lakini upande mzito ulikuwa wangu. Wale wengine walishika tu wasije wakaonekana wamekuja kutazama. Ilikuwa piano ya jirani aliyekuwa anahama, baadhi ya vibao vyake vilikuwa vimeshakufa sauti, na dada yangu aliitaka kwa sababu moja tu: juu yake patatosha kupanga sahani. Binti yake akaifungua kabla sahani hazijafika. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala mchana katika nyumba ile.

Shule mimi niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha mimi, hatujakubaliana mpaka leo. Lakini kazi yangu ya kushona makochi na magodoro imenifikisha pengi, hata chuo kikuu. Ile milango ya vyumba vya muziki, iliyojazwa sponji na kuvishwa ngozi ya bandia ili kelele za huyu zisimfikie yule, ni mkono wangu. Kwa hiyo ninaposimulia ya pale ndani sisimulii ya kuambiwa.

Chuo kile kina shule ya muziki, na shule ya muziki ina kitengo cha watoto. Maprofesa wako juu, na mapazia yao na ukimya wao. Watoto wako chini, kwenye korido ndefu inayonuka vumbi la zulia na maganda ya machungwa. Humo wanaingia wadogo ambao miguu haifiki sakafuni, wanaingia na vijana wenye chunusi wanaotaka siku moja kupanda ngazi waende kusoma kwa maprofesa. Mpwa wangu alipita humo humo akiwa mtoto, akapanda juu, akasoma, akahitimu, kisha akashuka tena kwa hiari yake akawa mwalimu wa wadogo. Wenzake walitaka kupigiwa makofi. Yeye alitaka mtu mwenye mapengo amwambie, "Mwalimu, nimeweza."

Jina la Tena alipewa na watoto wenyewe. Mtoto akikosea, hamfokei wala haoneshi kuchoka, anasema "tena" kwa sauti ya mtu anayekukaribisha chakula. Mtoto akipatia, vilevile: "Tena." Nilimtania kwamba siku atakapopata mchumba, jamaa akimwambia nakupenda atajibiwa hivyo hivyo mpaka akimbie. Akanijibu kwamba ndivyo walivyokimbia wote. Basi nikaacha, maana nilimwona hacheki sana.

Sasa sikiliza namna alivyokuwa anafundisha, maana msiba wote umekaa hapo. Chumbani kwake kulikuwa na piano mbili, bega kwa bega. Yeye alikaa ya kushoto, mtoto ya kulia, hivi kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa karibu kabisa na macho ya mtoto. Hakuwa mtu wa maelezo. Walimu wengine husema nyanyua kiwiko, kunja kifundo, fikiria umeshika chungwa. Yeye alikuwa anacheza, mtoto anatazama, mtoto anafuata. "Mjomba, mkono hauna masikio," aliniambia. "Mkono una macho. Unajifunza kwa mkono mwenzake." Na watoto wake walikuwa wazuri jamani. Mzazi aliyechungulia kwenye kile kidirisha cha mlangoni aliona mikono minne inakwenda kama bata na vifaranga vyake.

Ugonjwa ulianza kwa adabu. Kidole cha pete cha mkono wa kulia kilianza kuchelewa. Halafu kikawa kinajikunja kuelekea kiganjani kama mtu anayeona haya, na kile kidogo kikamfuata kaka yake. Hapakuwa na maumivu, hapakuwa na uvimbe. Na jambo la kutisha ni kwamba nje ya piano vidole vile vilikuwa vizima kabisa: anafunga vifungo, anamenya viazi, anatunga uzi kwenye sindano yangu mimi niliyeishiwa macho. Akikaa kwenye piano, vinajikunja. Akinyanyuka, vinanyooka. Kama vinamcheka.

Niligundua mwenyewe, nikiwa nimempelekea chai ya chupa chumbani kwake. Nikadhani ni mtindo. Nikamuuliza kama siku hizi piano inachezwa na vidole vitatu kwa ajili ya kubana matumizi. Badala ya kunirudishia mzaha, alifunga mlango.

"Mjomba, usimwambie mtu."

"Nimwambie mtu nini? Kwani kuna nini?"

Akanionesha. Akapiga ngazi ya sauti polepole, ile wanayoanza nayo watoto, na nikaviona vidole viwili vinaingia kiganjani huku uso wake unavitazama kama mama anayemtazama mwanawe akimwibia mgeni.

Nilimpeleka kwa daktari. Nilimpeleka mimi, maana peke yake asingekwenda. Daktari alimpima mkono, akamchezesha meza kama piano, akataja jina refu la ugonjwa ambalo sitalijaribu hapa, halafu akaeleza kwa lugha ya watu. Mkono hauna kosa. Kosa liko kichwani, mahali pale ubongo unapokumbuka kila kidole kwa nafasi yake. Mtu akirudia jambo moja maelfu kwa maelfu ya mara, ile kumbukumbu huweza kuchafuka, vidole viwili vikaonekana kimoja. Wako waliopona, wako wasiopona, wasiopona ndio wengi. Nikamuuliza mafuta ya kukandia je. Akanitazama kwa huruma, akasema mafuta hayana madhara.

Nilimkanda, usiseme sikumkanda. Nilimkanda kwa kila mafuta yanayouzwa na mengine yasiyouzwa. Vidole vikalainika kama vya mtoto mchanga, vikazidi kujikunja.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mimi nilimshauri amwambie Mkuu wa kitengo, mama mmoja mnyoofu mwenye miwani ya kamba, ambaye ndiye aliyemfundisha yeye alipokuwa mdogo. Hakutaka. Alisema mwalimu wa piano asiye na mkono ni kama mimi fundi nisiye na sindano, watamwonea huruma leo na kesho watamtafutia mtu wa kukaa kwenye kiti chake. Na nje ya kile chumba alikuwa na nini? Hakuwa na mume wala mtoto, mama yake amekufa, na mjomba ndiye huyu mnayemwona. Kwa hiyo akajifunza kuficha. Akapanga upya vidole vyake, wimbo kwa wimbo, akawa anacheza kwa vitatu kwa ujanja mkubwa kiasi kwamba mtu akisikiliza nje ya mlango hajui. Na akaendelea kufundisha, piano ya kushoto, mkono wa kulia mbele ya macho ya watoto.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Wao walifikiria kilio cha matanga. Kilio chetu sisi kilikuja na viatu vilivyopigwa rangi na nywele zilizochanwa, siku ya majaribio ya mwaka.

Siku hiyo watoto wa kitengo hupanda ukumbini kucheza mbele ya jopo. Wadogo wanapandishwa daraja, na wakubwa waliomaliza wanasikilizwa ili ijulikane kama chuo kitawachukua. Mwaka huo Mwalimu Tena alikuwa na mmoja wa kusikilizwa, binti wa fundi umeme, msichana mrefu, mkimya, aliyekuja kwake akiwa anakalia mito miwili. Sijapata kuona mtu anampenda mtoto asiye wake namna ile. Yule binti alikuwa anavaa hata saa yake mkono uleule anaovaa mwalimu. Baba yake alikuwa amefunga kibanda siku hiyo, amekaa mstari wa mbele na shati jipya. Mimi nilikuwa nyuma na chupa ya chai, nawaelezea wazazi walio karibu kwamba yule mwalimu nimemlea mimi.

Akaanza mvulana mmoja mwenye mapengo, wa miaka saba. Alicheza wimbo wake wa vyura vizuri tu. Lakini niliona mmoja wa jopo anainama mbele, kama mtu aliyeona mende kwenye keki. Yule mvulana alikuwa amekunja vidole viwili vya mkono wa kulia, amevificha kiganjani.

Akaja wa pili, msichana wa riboni. Vidole viwili ndani.

Wa tatu. Wa nne. Wote wa chumba kimoja.

Mkuu wa kitengo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanyanyuka na kusimama karibu na piano ili aone vizuri. Ukumbini watu hawakuelewa, walipiga makofi. Mimi nilielewa, na chai ikanimwagikia mapajani, na sikuhisi moto mpaka nilipofika nyumbani. Nilimtafuta mpwa wangu kwa macho. Alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa, mikono yake ameikalia. Wallahi hakuwa anajua. Mwaka mzima alikuwa amekaa pembeni yao, akiangalia vidole vyake mwenyewe visimwaibishe, hakupata nafasi ya kuangalia vyao.

Akaitwa binti wa fundi umeme. Alianza, na ukumbi ukatulia. Kwa vidole vitatu yule mtoto alikuwa anacheza kuliko wengi kwa vitano. Halafu wimbo ukafika mahali ambapo sauti zinapanda kwa kasi, na pale ujanja wa kujipangia hautoshi, pale panahitaji mkono mzima. Akajikwaa. Akarudia. Vidole vikaingia ndani zaidi. Akarudia mara nyingine, akasimama, mikono ikiwa hewani.

Mkuu akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, nani alikwambia ukunje vidole hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia," binti akajibu. "Mwalimu ndivyo anavyocheza."

Hakuwa anamsema vibaya. Alisema kwa fahari. Hilo ndilo lililomuua mpwa wangu.

Mkuu alimwita ofisini jioni hiyohiyo, akamwomba apige ngazi ya sauti kwenye piano ndogo iliyokuwa pale. Akapiga. Aliniambia kwamba Mkuu hakufoka, na kwamba angefoka ingekuwa nafuu. Alimshika ule mkono, akaunyoosha yeye mwenyewe kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa anamfanyia akiwa mtoto, akalia. Kisha akamwambia kwamba hawezi tena kumwacha aingie chumba chenye watoto. Mwalimu Tena akaomba, akasema wale watoto wameharibika mikononi mwake, basi wanyooke mikononi mwake. Akaomba muhula mmoja. Akaomba mwezi. Mwisho akaomba binti mmoja tu. Jopo lilikuwa limekubali kumsikiliza binti wa fundi umeme mara ya pili baada ya likizo, na Mkuu, kwa ajili ya machozi yao wote wawili, akakubali kwamba likizo hiyo amfundishe nyumbani, kama baba mtu ataridhika.

Baba mtu alikuja nyumbani kwa mpwa wangu kabla hatujamtafuta. Nilimfungulia mimi. Mtu aliyezoea kukaa juu ya nguzo za umeme hababaiki, na alizungumza bila kupandisha sauti.

"Mwalimu, nilikuletea mtoto ana vidole kumi. Sasa ana vinane. Nifanyeje mimi?"

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo nimtetee mpwa wangu, na mdomo wangu ukifunguka haufungiki upesi. Mwenyewe akanizuia. Akamwambia yule baba ukweli wote: ugonjwa, kuficha, kila kitu. Akasema, "Nipe likizo hii, mzee. Nikishindwa, usinisamehe." Fundi umeme akaangalia ile piano ya sahani iliyo sebuleni, ambayo vibao vyake vilishafufuliwa zamani, akauliza binti aje saa ngapi.

Wakaanza. Na hapo ndipo nilipoona mateso. Mtu aliyefundisha maisha yake yote kwa mkono, sasa hana ruhusa ya kuonesha mkono. Alifunga wa kulia kwa kitambaa na kuuficha mgongoni, akajaribu maneno, na maneno hayakumtii. Alisema "nyanyua", binti akanyanyua bega. Alisema "legeza", binti akalegeza mkono mzima kama nguo mbichi. Halafu akapata wazo. Mkono wa kushoto wa yule binti ulikuwa mzima, kama wa mwalimu wake ulivyokuwa mzima. Akamwambia aufundishe wa kulia kwa kutumia wa kushoto, apige kwanza kwa kushoto, autazame, kisha wa kulia uige. Alihamia upande wa pili wa piano ili mkono wake mzima ndio uwe karibu na macho. Polepole, kidole cha pete kikaanza kutoka. Nilishangilia mimi kuliko wote, nikajigamba sokoni kwamba nyumbani kwetu kuna hospitali.

Lakini kikawa kinatoka na kuingia, na hatukujua kwa nini. Leo kimetoka, kesho kimekunjwa. Binti akaanza kulia, mwalimu akaanza kukonda.

Ilikuwa bahati tu. Mwalimu Tena alikuwa jikoni anachemsha maji, na binti akaanza mazoezi bila kumsubiri. Mimi nilikuwa sebuleni nashona mto. Nikaona mkono umefunguka wote, vidole vitano vinatembea kwenye vibao kama watu wazima wanaokwenda zao kazini, mpaka pale pagumu, na pale pagumu akapita. Nikataka kupiga kelele. Mpwa wangu akasikia toka jikoni, akaja mbio, akasimama mlangoni na sufuria mkononi.

Na vidole viwili vikaingia kiganjani.

Binti hakuwa amemwona. Alikuwa amesikia hatua zake tu.

Mwalimu Tena akarudi nyuma jikoni, bila viatu. Baada ya muda vidole vikatoka. Akaja tena kwa hatua za kusikika, akasimama. Vikaingia. Alifanya hivyo mpaka hapakuwa na shaka, kisha akanivuta kibarazani. Nilijaribu kumwambia kwamba ni uchovu, kwamba ni joto, kwamba watoto wa siku hizi wana majini ya simu. Hakunisikiliza.

"Ananicheza mimi, mjomba," alisema. "Nikiwepo, ananicheza mimi."

Nikamwambia basi utamfundisha ukiwa chumba kingine, utapiga makofi ukutani. Akatabasamu kidogo, kwa ajili yangu, nadhani. Siku iliyofuata alimwambia binti kwamba ana safari. Alimwachia funguo za nyumba, akampangia cha kufanya kwa kila siku, akaniacha mimi niwe mlinzi, mimi ambaye vidole vyangu havimfundishi mtu chochote. Kila mchana binti alipofika, mwalimu wake alikuwa ameshaondoka. Safari yenyewe ilikuwa ni kutembea. Alizunguka mitaa, akakaa kwenye benchi za vituo vya basi bila kupanda basi, akarudi jioni na vumbi miguuni, akaniuliza, "Leo je?" Nikimwambia leo vilitoka vyote, anakaa chini kama mtu aliyepigwa ngumi. Nikimwambia havikutoka, ndiyo hivyohivyo. Sijui habari ipi ilimuuma zaidi. Nadhani ile nzuri.

Siku ya jaribio la pili alikwenda chuoni lakini hakuingia ukumbini. Aliniomba niingie mimi. Alikaa chini kabisa kwenye ngazi za nyuma, mahali ambapo hata kikohozi chake kisingefika juu. Nilikaa karibu na fundi umeme. Hatukusalimiana, tulishikana tu mikono na hatukuachiana mpaka mwisho.

Nitakueleza nilichoona na sitaongeza hata chumvi. Alipofika pale pagumu, kidole kidogo kilitetemeka, kikaelekea ndani, na nikasema basi. Kisha kikasimama. Kikanyooka. Akapita, polepole kuliko wimbo unavyotaka, lakini akapita na mkono mzima. Jopo lilinong'ona, likamwambia atachukuliwa, atapewa mwalimu wa juu, ghorofani.

Niliteremka zile ngazi kama kijana.

"Amechukuliwa," nikamwambia.

"Kidole kidogo?"

"Kilinyooka."

Akaegemea ukuta. Hakulia. Aliuliza kama binti amemuulizia, nikasema ndiyo, anakutafuta korido nzima. Akanishika mkono akaniambia tutoke kwa mlango mwingine.

Lakini kwenye mlango ule mwingine tulimkuta Mkuu, yuko na kijana mmoja nadhifu, mwalimu mpya, aliyekuja kuoneshwa kile chumba cha piano mbili. Ilikuwa aibu kwa wote. Mwalimu Tena ndiye aliyempa kijana mkono, ule wa kulia, akaanza kumweleza bila kuulizwa. Yule mvulana mwenye mapengo usimsimamie nyuma, anaogopa, babake humpiga akiwa nyuma. Wa riboni anahesabu kwa midomo, mwache ahesabu. Yule mnene anadai tumbo linamuuma kila akikosea, mpe maji, atasahau. Wote wanyooshe kwa kutumia mkono wa kushoto, usiwatajie ugonjwa, usiwaambie walikosea, waambie ni wimbo mpya. Alizungumza kwa haraka, mtoto baada ya mtoto, kana kwamba kuna gari linamwacha. Kijana alikuwa anaitikia kwa kichwa, na macho yake yamejaa hofu, maana alikuja kupewa chumba na sasa anapewa watu.

Alipomaliza, kijana akauliza kwa heshima, kama kuna siku angeweza kuja kumtazama akifundisha, walau mara moja, ajifunze.

Mpwa wangu akaangalia ule mkono alioshikana nao.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Wewe usinitazame."

Akanishika kiwiko, tukatoka.